Matone Nane na Salamu za Mzee Qamara

Juzi binti mmoja anayefanya kazi katika hoteli hapa Karatu alinionyesha kifaa cha kupimia maji, kidogo kama kalamu. Alikichovya kwenye ndoo, namba ikajitokeza, akakifutia kwenye sketi yake na kukirudisha mfukoni. Nikamuuliza, "Mara ya mwisho ulilihakikisha lini hilo dude?" Akacheka. "Babu, hili halikosei." Wageni walikuwa wanamsubiri, nikamwacha aende zake. Lakini neno lile lilinikwama kooni, na kwa kuwa siku hizi sina kazi nyingine zaidi ya kuota jua na kugombana na kuku, nimeona niwaandikie ninyi mnaopima maji.

Mimi naitwa Paskali. Nimepima maji katika shamba moja la kahawa kwenye miteremko ya kuelekea Oldeani tangu ndevu zangu zinaanza kuota hadi zilipoanza kuwa nyeupe. Nimepima maji ya boila, maji ya kuoshea kahawa, na maji ya kunywa ya kambi ya wafanyakazi, ambako kulikuwa na watu wa Singida, wa Dodoma, wa Mbulu, na kila mmoja alikuwa na malalamiko yake kuhusu ladha. Hata hivyo, walionifundisha kupima kwa kweli walikuwa samaki wawili wasiozidi kidole gumba, samaki wa maji ya chumvi, waliokuwa wakiishi sebuleni kwa fundi wetu mkuu. Kutoka sebule ile hadi baharini ni safari ya siku nzima kwa lori, na huo ni mwaka ambao barabara ina huruma.

Najua mnajiuliza samaki wa bahari walifuata nini kwetu. Walimfuata Bi. Zuhura.

Bi. Zuhura alikuwa mke wa Fundi Hamisi, aliyekuwa msimamizi wa jenereta, boila na mashine zote za kukoboa kahawa. Wote wawili ni watu wa Pangani. Fundi alizoea Karatu haraka, maana yeye akiwa na mashine ya kufungua na kufunga hajui yuko wapi. Mkewe hakuzoea. Baridi ya mwezi wa saba ilimliza, ukungu ulimtia huzuni, na vumbi letu jekundu liliharibu kanga zake zote nyeupe. Alikaa miaka miwili bila kutoa nguo zake kwenye sanduku. Kila asubuhi alilivuta kutoka uvunguni, akachukua nguo ya siku hiyo, akalifunga na kulirudisha, kama mtu aliyeshuka kituoni kusubiri gari jingine.

Ndipo Fundi Hamisi alipotengeneza tangi. Alitumia vioo vinene, fremu ya mninga, na gundi aliyoletewa na shemeji yake, kaka wa Bi. Zuhura, aliyekuwa baharia na kazi yake ilikuwa kutuletea vitu vya ajabu kutoka bandarini. Lori la shamba lilipokwenda Tanga kuchukua mbolea, lilirudi na mapipa ya plastiki yaliyojaa maji ya bahari, gunia la mchanga wa pwani, mawe ya matumbawe, na ndoo moja yenye mfuniko ambayo turniboi, msaidizi wa dereva, alikuwa ameipakata tangu Pangani. Ndani ya ndoo mlikuwa na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na kiumbe kimoja laini chenye mikono mingi kama nyuzi nene, ambacho samaki hao hulala ndani yake. Bi. Zuhura aliwaita samaki Karafuu na Hiliki. Kile kiumbe alikiita Ua.

Jioni ile alifungua sanduku na kutundika nguo zake zote kabatini. Siku ya pili akatuambia mimi na mumewe, akiwa anapepeta mchele na bila kututazama: "Samaki hawa wakifa, msinitafutie wengine. Mimi nitapanda gari la kwanza." Fundi alicheka, lakini alicheka peke yake.

Kwa hiyo mnaelewa. Mimi nilipopewa kazi ya kupima maji ya tangi lile kila Jumamosi, sikupewa kazi ya samaki tu.

Sasa niwape kazi yenyewe kidogo, maana nikisimulia tu mtaniona mzee wa porojo. Maji ya bahari yakiwa baharini yanajitunza. Yakiwa ndani ya lita mia mbili sebuleni, yanachoka. Maji yanapanda hewani na chumvi inabaki, hivyo kila siku kiwango kikishuka lazima uongeze maji yasiyo na chumvi. Hapo ndipo tulipofanya kosa letu la kwanza, tukaongeza maji ya bomba. Maji ya huku kwetu yametoka kwenye milima ya moto ya zamani, yana magadi yake ndani, na yale meno ya kahawia mnayoyaona kwa wazee wengi si ya tumbaku pekee. Baada ya mwezi vipimo vikaanza kupanda. Tangu hapo tukawa tunakinga maji ya mvua kwenye bati safi, baada ya mvua ya kwanza kuliosha.

Kuna kitu kingine kinachopungua polepole: nguvu ya maji ya kuzuia uchachu. Tulikiita "daraja" kwa sababu kipimo chenyewe kilihesabu hivyo. Kipimo alikileta yule baharia, kikiwa kwenye kisanduku chekundu na maelezo ya Kijerumani. Mtawa mmoja Mjerumani aliyekuwa akipita zahanati alitusomea yote kwa uvumilivu mkubwa, kisha akauliza kama kweli tulikuwa na samaki wa bahari Karatu. Tulipomwonyesha alikaa mbele ya tangi hadi chai ikapoa.

Kipimo kinafanya kazi hivi. Unajaza kichupa cha kupimia hadi kwenye mstari. Unatia dawa tone moja moja na kutikisa. Tone la kwanza linafanya maji yawe ya bluu. Unaendelea hadi tone moja linayageuza kuwa ya njano. Idadi ya matone ndiyo idadi ya madaraja. Tangi letu lilistawi kwenye nane. Kwa maneno ni kazi ya mtoto wa darasa la pili, na ndiyo maana watu wazima wanaiharibu.

Fundi Hamisi alinifundisha kwenye maji ya boila kwanza, na alikuwa mwalimu wa kukera. Nilipoishika chupa ya dawa kwa mshazari, alinipiga kidole. "Simamisha. Ukiinamisha, tone moja kubwa, jingine dogo, halafu unakuja kuniambia namba." Alinionyesha kwa macho yangu: chupa ileile, maji yaleyale, mara ya kwanza imesimama, mara ya pili imelala, tukapata matone tisa na matone kumi na moja. Povu likitoka na tone, alimwaga yote na kuanza upya, kwa sababu tone lenye hewa ni nusu tone. Kichupa kilisuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale yatakayopimwa, wala hakikuoshwa kwa sabuni. Nilipokiziba kwa kidole gumba ili nitikise, aliniuliza nilikula nini mchana. Nikasema makande. "Basi umepima makande."

Kusoma mstari pia kulikuwa na adabu yake. Maji ndani ya kioo yanapinda, yanapanda pembeni na kubonyea katikati, na unasoma pale chini yalipobonyea, jicho lako likiwa usawa wa mstari. Fundi alikuwa akipiga magoti kusoma, na nilipoanza kazi nilidhani anasali. Rangi ilitazamwa mbele ya karatasi nyeupe, kwa mwanga wa dirishani. Kamwe si kwa taa ya chemli, kwa maana mbele ya chemli kila kitu ni cha njano hata shati lako.

Na kulikuwa na punje za kahawa. Hili lilikuwa jambo la Fundi peke yake, sijaliona kwa mtu mwingine. Aliweka visahani viwili. Cha kulia kilikuwa na punje ishirini, cha kushoto kitupu. Kila tone likianguka, mkono mwingine unahamisha punje moja. Hukuhesabu kichwani kabisa. Ukimaliza, unahesabu punje za kushoto kwa utulivu, kisha unaandika palepale.

Mimi nililiona jambo hili ni la kunidhalilisha. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na alama za kujivunia, nikiweza kukariri mito yote ya nchi hii, halafu mtu anipe punje za kahawa nihesabu hadi nane. Fundi akiwepo, nilihamisha punje. Akiondoka, nilizifunika na kopo.

Mzee Qamara alikuwa jirani yetu, Mwiraqw mwenzangu, rika la babu yangu. Shamba lake lilipakana na nyumba za wafanyakazi, na yeye ndiye aliyemletea Bi. Zuhura maziwa, kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Alikuwa mtu mwema na mgumu. Jambo moja hakulisamehe: salamu ya haraka. Kuna bwana shamba mmoja alifika kwake akaanza kuongea habari za mbegu kabla ya kumwamkia, na Mzee Qamara akamwangalia tu hadi yule bwana akarudi kwenye baiskeli yake. Salamu zake mwenyewe zilikuwa na mpangilio. Shikamoo, marahaba, kisha mama, baba, wadogo zako kwa majina, ng'ombe, mvua, mahindi, na mjomba wangu wa Mbulu mwenye mguu mbovu. Ukijibu kwa mkato alirudia swali.

Ule ulikuwa msimu ambao dizeli ilitafutwa kwa tochi. Lori la shamba lilikuwa limekaa juu ya mawe miezi mitatu. Hakuna aliyekwenda Tanga, hakuna maji mapya ya bahari isipokuwa pipa moja la akiba tulilolifunika gizani gereji. Umeme tulikuwa nao saa chache, na wakati mwingine wote Fundi aliwapa samaki hewa kwa mpira wa ndani wa tairi la trekta: aliujaza upepo, akafunga mrija mwembamba kwenye ventili, viputo vikawa vinatoka polepole tangini. Na dawa ya kipimo ilikuwa imebaki kidogo sana chini ya chupa. Baharia alikuwa mbali, na hatukujua lini angeleta nyingine.

Jumamosi hiyo Fundi alikuwa boila. Mimi nilikaa kwenye dirisha la barazani kwa ajili ya mwanga, kisahani cha punje kikiwa chini ya kopo. Nilisuuza vizuri, nikasoma mstari vizuri, chupa nikaisimamisha wima. Moja, mbili, tatu. Na Mzee Qamara akatokea kwenye kona na kibuyu chake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo, mzee."

"Baba je?"

Mnafikiri ningefanya nini? Kumwambia mzee wa rika la babu yangu, Mwiraqw mwenzangu, kwamba asubiri kwa sababu nina kichupa mkononi? Nisingeweza. Ningeweza kusimamisha mkono, lakini mkono wangu ulikuwa na mazoea yake, tone, tikisa, tone, tikisa, nao uliendelea wakati mimi niko kwa wadogo zangu, niko kwa ng'ombe, niko Mbulu kwa mjomba mwenye mguu. Alipoingia ndani kumpa Bi. Zuhura maziwa, niliangalia kichupa. Maji yalikuwa ya njano.

Namba ya mwisho niliyoikumbuka ilikuwa tatu. Nilitazama chupa ya dawa kwenye mwanga na kuona ilivyobaki. Kurudia kulimaanisha kuipunguza zaidi, na Fundi angeuliza kwa nini. Nikajiambia, tatu, na moja ya kugeuza, nne. Nikaandika nne kwenye daftari kwa mwandiko mzuri kuliko siku zote.

Bi. Zuhura alikuja akasoma. Nne ilikuwa ndogo mno, haijapata kufika huko, na uso wake ukabadilika. "Nne, mwanangu? Una hakika?"

"Ndiyo, mama."

Tulikuwa na njia ya kupandisha daraja. Bikaboneti ya dukani ilikuwa imeadimika, basi Fundi alijaribu magadi meupe yanayouzwa sokoni Karatu, yale ya kutoka upande wa Ziwa Eyasi ambayo mama zenu walilainishia maharage. Aliyayeyusha kwenye maji ya mvua, akayachuja, akapima mara nyingi hadi akajua kuwa kijiko kimoja cha chai kinapandisha daraja moja katika tangi letu. Msimuige, leo kuna vitu safi zaidi. Sheria yake ilikuwa kijiko kimoja kwa siku, polepole. Lakini mtu akiogopa, polepole inamtoka. Bi. Zuhura alitia vijiko vinne kwa mpigo saa ya kuandaa chakula, na mimi nilikuwa nimeshakwenda kwetu kuangalia mpira.

Asubuhi niliitwa. Nilipoingia sebuleni nilidhani tangi limejazwa maziwa ya Mzee Qamara. Maji yalikuwa meupe. Karafuu na Hiliki walikuwa juu kabisa wakitweta, vinywa nje. Ua lilikuwa limejikunja, limekuwa kama ngumi ya mtoto. Na sanduku la Bi. Zuhura lilikuwa limetolewa uvunguni, liko katikati ya chumba, naye ameketi juu yake na mikono mapajani. Hakulia. Ningependelea alie.

Fundi Hamisi alikuwa amesimama mbele ya tangi na kopo la mrututu, dawa ya bluu tuliyokuwa tukipulizia mibuni, na kijiko mkononi. Aliwahi kusoma kwamba mrututu kidogo unaua vijidudu vya samaki, na ni kweli unaua. "Ni ugonjwa huu," alisema, bila kunigeukia. "Umeingia ghafla. Maji yalikuwa nne, tumeyarekebisha, hayawezi kuwa maji." Nilijua vitu viwili. Kwanza, mrututu ungeliua Ua palepale, maana viumbe wa aina ile hawavumilii hata harufu yake. Pili, alikuwa anauamini mkono wangu.

Kijiko kilikuwa juu ya maji.

"Mzee, subiri. Ile namba ya jana si ya kweli."

Kijiko kilisimama. "Si ya kweli kivipi?"

Nikamweleza. Salamu, mkono, tatu, njano, nne. Nilieleza nikiangalia sakafu, na sakafu ile naikumbuka hadi leo, ilikuwa na ufa unaoelekea jikoni. Nilipomaliza, Fundi alikirudisha kijiko ndani ya kopo.

"Yalikuwa matone mangapi?" Fundi aliuliza.

"Sijui."

"Sijui," alirudia. "Neno zuri sana. Jana uliliacha wapi?"

Nilikuwa na hasira na nafsi yangu, na aibu, na bado namuona yule mama juu ya sanduku. Ndiye aliyesimama kwanza. Alimnyang'anya mumewe kopo la mrututu, akalipeleka nje, akarudi akasema, "Mtamsema baadaye, na mimi nitamsema. Leteni pipa."

Tulibeba lile pipa la akiba mimi na Fundi. Kabla ya kutoa maji machafu, Fundi alisema tupime, tujue tuko wapi, hata kama dawa itaisha. Bi. Zuhura alifunua punje za kahawa yeye mwenyewe. Nikatia tone, akahamisha punje. Maji yalianza kubadilika kwenye tone la kumi na moja, yakawa njano kabisa kwenye la kumi na mbili; magadi yalikuwa yamezidi hadi chokaa ikajitenga, ndiyo ule weupe. Bi. Zuhura akaondoa punje nne za vile vijiko vyake vinne, zikabaki nane, akazitazama. "Kumbe tulikuwa salama," alisema kwa sauti ndogo. Kauli ile iliniuma kuliko karipio lolote nililopata shambani, na karipio nilipata, siku tatu mfululizo, kwa Kiswahili cha Pangani ambacho hata matusi yake yana adabu.

Tulitoa nusu ya maji kwa mrija, polepole, tukatia ya pipa kwa kikombe. Kazi ilichukua asubuhi nzima. Dawa ikawa imebaki ya kipimo kimoja tu, na hapo nikaona ufundi wa Fundi Hamisi. Katika vipimo vya boila kulikuwa na tindikali nyepesi na dawa nyingine ya rangi, ya kugeuka kutoka njano kwenda nyekundu ya machungwa. Alichukua maji ya tangi yaleyale, akapima kwa dawa ya Kijerumani iliyobaki, tukapata kumi. Akapima yaleyale kwa tindikali ya boila, tukapata kumi na tano. "Basi kuanzia leo," alisema, "kila matone matatu ya boila ni mawili ya Mjerumani." Akarudia mara mbili kwa ile ya boila, ikatoka vilevile. Hicho ndicho nilichotaka kumwambia binti wa hoteli. Kipimo chochote kinakosea, na unakijua ukikilinganisha na kingine. Yeyusha bikaboneti iliyopimwa kwa mizani katika maji safi ya betri yasiyo na tindikali, na namba yake unaijua kabla hujapima; huo ni mtego tosha wa kipimo. Tulitumia tindikali ya boila hadi mzigo wa baharia ulipofika, na hatukupotea.

Siku ya kwanza samaki walishuka kutoka juu. Siku ya pili Hiliki alikula. Siku ya tatu Ua lilifunguka, mkono mmoja mmoja, na Karafuu akajitupa ndani yake kama mtu aliyerudi kutoka safari na kukuta kitanda chake. Bi. Zuhura aliniita nije nione. Kisha akalivuta sanduku lake, ambalo lilikuwa bado katikati ya chumba na sisi sote tunalikwepa bila kulitaja, akalisukuma hadi chini ya dirisha, akatandika kitambaa juu yake. Akapanga hapo kichupa, daftari na visahani viwili vya punje. "Pimia hapa," alisema. "Na nikikukuta na kopo juu ya punje, nitakupikia kopo hilo."

Lilibaki tatizo moja, na lilikuwa na fimbo na kibuyu. Bi. Zuhura alitafuta dawa yake: kanga nyekundu. Ikitundikwa kwenye mlango wa baraza, watu wanahesabu ndani, hakuna hodi, hakuna salamu hadi ishushwe. Majirani walielewa mara moja. Lakini nani angemweleza Mzee Qamara? Nilitumwa mimi, na nilistahili.

Nilimwamkia hadi kwa mjomba wa Mbulu, ndipo nikaeleza. Alinisikiliza huku anachonga mpini wa jembe.

"Kwa hiyo salamu zangu ndizo zilizotaka kuua samaki wa yule mama."

"Hapana, mzee. Mimi ndiye niliyeandika."

"Na sasa mnataka nikifika kwa mtu nisimame mlangoni kama mbuzi."

Aliendelea kuchonga, na nikaondoka nikijua nimemkosea mara ya pili. Wiki mbili maziwa yaliletwa na mjukuu wake.

Jumamosi ya tatu kulikuwa na manyunyu. Kanga ilikuwa mlangoni, mimi nimepiga magoti mbele ya sanduku, chupa wima, punje ya nne inahama. Pembeni ya jicho nikamwona. Alikuwa amefika kwenye ngazi ya baraza na kibuyu chini ya kwapa, blanketi mabegani, mvua inamdondokea kwenye kofia. Aliitazama kanga. Alinitazama mimi. Mkono ukataka kusimama wenyewe, lakini nikahamisha punje. Tano. Hakusema kitu, wala hakukohoa. Sita, saba. Maji yakageuka kwenye tone la nane. Nikasuuza, nikarudia tangu mwanzo, naye bado yuko kwenye manyunyu. Nane tena. Nikaandika, nikasimama na magoti yanauma, nikaishusha kanga.

"Ngapi?" aliuliza.

"Nane, mzee."

"Una hakika?"

"Nimepima mara mbili."

Alipanda ngazi, akaweka kibuyu sakafuni, akakung'uta maji kwenye kofia yake bila haraka yoyote.

"Haya," alisema. "Sasa niamkie."

Nikamwamkia. Tulianza na mama, tukapita kwa ng'ombe wote, tukakaa sana Mbulu, na mikono yangu ilikuwa mitupu.